UZI: Halmashauri ya Wachagga haikufa 1972, ilishakatwa pumzi kabla

#1 mfereji_wa_juu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu.

Kwenye ule uzi mwingine wa mapato ya halmashauri kuna jamaa kasema serikali za mitaa tumeanza kuwa nazo 1984 na kabla ya hapo kulikuwa na wakuu wa wilaya tu. Nikaona nisimjibu kule maana uzi wenyewe ulishageuka wa Simba na Yanga, nije kufungua huu.

Nitatumia mfano mmoja tu, wa kwetu Kilimanjaro. Kulikuwa na chombo kikiitwa Halmashauri ya Wachagga, Waingereza kwenye makaratasi yao waliiandika Chagga Council, baada ya uhuru ikageuka Halmashauri ya Wilaya ya Kilimanjaro na 1972 ikafutwa pamoja na wenzake nchi nzima. Ninachotaka kusema ni kimoja: 1972 ni tarehe ya kaburi tu. Hii kitu ilimalizwa kwa kunyang'anywa hela, na hela ilinyang'anywa kabla. Twendeni taratibu.

Mwanzo wake ni utawala wa kupitia machifu. Gavana Donald Cameron alikuja Tanganyika 1925, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji, kwamba machifu ndio watawale watu wao chini ya jicho la DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Sasa kule mlimani hapakuwa na chifu mmoja, kulikuwa na mangi Machame, mangi Kibosho, mangi Marangu, mangi Kilema, kila mtu na himaya yake na walishapigana sana huko nyuma kabla ya Mjerumani na hata wakati wa Mjerumani. Mwingereza akawakusanya wamangi kwenye baraza moja pale Moshi, likapewa hazina yake, yaani kodi ikikusanywa sehemu fulani inabaki kwa ajili ya karani, tarishi, barabara, shule na mahakama za mabaraza. Hapo ndipo mzizi wa halmashauri ulipo. Haikuwa demokrasia hata kidogo, ni wamangi wamekaa na bwana DC. Ila hazina ilikuwepo, na hiyo hazina muishike akilini.

Naendelea.

#2 Kaa_la_Moto

Niweke kigoda mbele kabisa. Mimi kwa mjini nilijua mangi ni yule mwenye duka la mtaani anayekopesha unga 😂

#3 mfereji_wa_juu

😂😂 huyo naye ana hazina yake mkuu, muulize daftari la madeni.

Tuendelee. Huwezi kuelewa hii halmashauri bila kahawa. Wakulima walishaanza chama chao 1925, KNPA, rais wake Joseph Merinyo, na walowezi wakizungu hawakufurahia hata kidogo kuona Mwafrika analima arabika. KNPA ikaleta siasa nyingi mno kwa macho ya wakoloni, ikamalizwa kiaina, mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa. Sasa baraza la wamangi likatumia mamlaka yake kutunga amri kwamba kila Mchagga auze kahawa yake kupitia KNCU, hakuna kumuuzia Mhindi wala nani. Ona hiyo: serikali ya mitaa na ushirika wanashikana mkono juu ya mfuko wa mkulima miaka ya 30 hukohuko. Wapo waliokataa, wakaenda mpaka mahakamani, na 1937 zikazuka fujo za kahawa mlimani.

Kwa hiyo anayesema zamani wananchi walikuwa wanaipenda halmashauri yao bila manung'uniko anatudanganya. Walikuwa wanaigombania, hicho ndicho ninachokiona mimi. Mtu hagombanii kitu ambacho hakina kitu ndani.

#4 Kibo_na_Mawenzi

Mleta uzi unaruka. Elezea habari ya Hai, Vunjo na Rombo maana vijana wanadhani haya ni majina ya majimbo ya uchaguzi tu.

#5 mfereji_wa_juu

Ndio nilikuwa nakuja huko kiongozi.

1946 Waingereza waliona wamangi ni wengi mno, wakaugawa mlima sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila sehemu ikawekewa mkubwa mmoja juu ya wamangi wengine, aliitwa mwitori. Hai alikaa Abdiel Shangali wa Machame, Vunjo akakaa Petro Itosi Marealle wa Marangu. Hesabu yao ilikuwa kupunguza gharama na kurahisisha utawala. Matokeo yake wananchi wakaona wameongezewa ngazi nyingine ya wakubwa ambao hawakuwachagua, na wamangi wadogo nao wakanuna maana wameshushwa.

Kutokana na hilo ndio kikazaliwa 1949 chama cha raia, Kilimanjaro Chagga Citizens Union, chini ya Petro Njau na yule yule mzee Merinyo ambaye alikuwa hajachoka. Hoja yao: kama mnataka mkubwa mmoja wa Wachagga wote basi tumpigie kura wenyewe. Na kweli ikapigwa 1951, akashinda Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa zamani wa Marangu, kijana aliyekuwa amesoma mpaka London na kufanya kazi serikalini, akawaacha wakubwa akina Shangali. Januari 1952 akasimikwa Mangi Mkuu mbele ya gavana Twining.

Hiyo miaka ya 50 ndio kilele cha hii halmashauri wakuu. Bei ya kahawa baada ya vita ilikuwa juu, ushuru unaingia, halmashauri inajenga shule, zahanati, barabara za kupandisha mlimani, inalipa watumishi wake. Ilikuwa na bendera. Ilikuwa na Siku ya Wachagga kila Novemba. Ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Komkya, fikiria halmashauri ya wilaya leo itoe gazeti watu walisome kwa hiari yao. Na ndani ya baraza sasa wakaingia wajumbe wa kuchaguliwa, sio wamangi peke yao. Marealle mwenyewe 1957 akaenda mpaka Umoja wa Mataifa kwenye Baraza la Udhamini kuzungumzia Tanganyika.

#6 Mzee_wa_Kipande

Hapo kwenye kilele nipite na mimi kidogo maana mnapamba sana. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Rombo, hizo shule na zahanati alizijua ila alichokijua zaidi ni tarishi wa mangi. Usipokuwa na risiti ya kodi unajificha migombani, ukikamatwa unaenda kuchonga barabara ya watu wengine. Na kesi za kihamba, yaani shamba la ukoo, zilikuwa zinaamuliwa na baraza la mangi yule yule ambaye ndugu yake ndiye mnayegombana naye mpaka. Halafu mnasema kilele.

#7 mfereji_wa_juu

Mkuu #6 hujaniharibia, umenisaidia. Kodi, mahakama na ardhi vyote vilikuwa kwa mtu mmoja, na hilo ndilo lililomwangusha Mangi Mkuu baadaye. Nilichosema kilele ni cha mfuko na kazi zilizofanyika, sijasema kilele cha haki.

Sasa mwaka 1958 hivi upepo wa TANU umeshafika mlimani. Kikaibuka chama kingine, Chagga Democratic Party, sura yake kubwa ni Solomon Eliufoo, mwalimu, Mlutheri wa Machame, mtu wa TANU. Swali lao likawa rahisi tu: huyu Mangi Mkuu tulimchagua, sawa, mpaka lini? Mpaka afe? Marealle na watu wake wanasema ndio, hicho ni kiti cha maisha. Wengine wanasema tunataka rais wa Wachagga anayechaguliwa kwa kipindi.

Ikapigwa kura ya maoni 1960. Upande wa Mangi Mkuu ulipigwa vibaya, sio kwa kura za kuhesabu na kuhesabu tena, ulizidiwa kwa mbali mno. Marealle akaondoka kwenye kiti, Eliufoo akawa rais wa Halmashauri ya Wachagga, baadaye tukamuona waziri wa elimu kwenye serikali ya uhuru.

Nawaomba mtulie hapa. Hii ni kabla ya uhuru, kijijini, wakulima wa kahawa na ndizi wanamtoa mtawala wao kwa sanduku la kura na wanaandika upya namna ya kuongoza halmashauri yao. Leo mwananchi wa kawaida hana hata namna ya kumtoa mkurugenzi wa halmashauri, anateuliwa anatumbuliwa na mamlaka ya juu, sisi tunasikia kwenye redio.

#8 Shangazi_wa_Uru

Jamani mwenye maelezo ya pande zote aje, huyu naona kama mtu wa Machame anawapiga madongo Marangu kwa adabu 😅

#9 mfereji_wa_juu

Shangazi shikamoo. Mimi si wa Machame wala Marangu, nisingetaka uzi ugeuke huko maana tukianza hatutoki. Tena niwape watu wa Marangu haki yao: Marealle alipotolewa hakukaa kimya, aliishtaki halmashauri mahakamani kwa kumkatishia kazi, na akashinda. Kilichofuata ndio cha kushangaza. Uchifu ulishafutwa kwa sheria ya 1963, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria nyingine ya kufuta madai ya machifu waliopoteza nafasi zao, basi ushindi wake ukabaki karatasini. Wanasheria mliomo humu hiyo kesi mnaisoma mpaka leo kama mfano wa serikali kushindwa kortini ikaenda kushindia bungeni.

1963 hiyo hiyo kuna kingine kilitoka mikononi mwa halmashauri: mahakama. Ilipitishwa sheria ya mahakama za mahakimu, mabaraza ya wenyeji yakaisha, zikaja mahakama za mwanzo chini ya mahakama ya taifa. Kwa hiyo lalamiko la babu yake #6 likapatiwa dawa hapo, na kwa kweli ilikuwa dawa nzuri.

Na jina likabadilika, hakuna tena habari ya Wachagga, ni Halmashauri ya Wilaya ya Kilimanjaro. Sawa, nchi ilikuwa inajengwa, kabila lisingebaki kwenye bango la ofisi. Tatizo halikuwa jina.

#10 Ngosha_wa_Malya

Niongeze la kwetu Usukumani maana mnadhani mlimani tu ndio kulikuwa na mambo. Sisi tulikuwa na shirikisho la machifu wa Usukuma, makao makuu Malya, toka miaka ya 40 mwishoni. Lilikuja pamoja na ule mpango wa maendeleo ya Usukuma, mabwawa yakachimbwa kweli, lakini pia amri juu ya amri, lima matuta hivi, punguza ng'ombe, ushuru wa pamba. Watu walichoka. Halafu Geita Mwingereza akataka kuleta halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, Mzungu, Mhindi na Mwafrika kwenye baraza moja la wilaya ambayo karibu watu wote ni Wasukuma na Wazinza wakulima. 1958 watu wakaandamana mpaka Mwanza kwa miguu, mpango ukafa. Kwa hiyo kugombania halmashauri sio kwa Wachagga peke yao, mleta uzi, andika na hilo.

#11 mfereji_wa_juu

Nimeliandika ngosha, na la Geita ni kubwa kuliko watu wanavyolichukulia.

Sasa twende kwenye kifo chenyewe.

Baada ya uhuru halmashauri za wilaya zilipewa mzigo mzito: shule za msingi, zahanati, barabara za wilaya, maji. Wakati huohuo siasa ikaingia juu yake, bwana DC wa kikoloni akaondoka akaja mkuu wa wilaya ambaye ni katibu wa TANU pia, na ilipofika katikati ya miaka ya 60 mwenyekiti wa TANU wa wilaya ndiye huyohuyo mwenyekiti wa halmashauri. Lakini bado ilikuwa na kodi yake na ushuru wa mazao, inajua mwaka huu tutapata kiasi gani, inapanga.

1969 mpaka 1970 serikali kuu ikafuta ile kodi ya kichwa ya halmashauri, na ushuru wa mazao nao ukaondolewa. Mwananchi alishangilia na nani asingeshangilia. Ila halmashauri ikabaki na walimu wa kulipa, madawa ya kununua, barabara za kuchonga, na haina chanzo cha maana, inasubiri ruzuku. Ukishafika hapo mkubwa yeyote anaweza kusimama na kusema hizi halmashauri zimeshindwa kazi. Na ndivyo ilivyosemwa.

Wakaletwa washauri, McKinsey, kampuni ya Kimarekani, waje kuishauri nchi ya ujamaa namna ya kupanga utawala wake, mimi hapo huwa nacheka peke yangu. Julai 1972 ukaanza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina linasema madaraka yanakwenda mikoani, waliokwenda mikoani ni maofisa. Mabaraza ya madiwani yakavunjwa, akaja mkurugenzi wa maendeleo wa mkoa na wa wilaya, wote wa serikali kuu, na bajeti inapangwa huko juu. Diwani aliyekuwa anaulizwa na mama wa Kirua kwa nini zahanati haina dawa akawa hayupo tena.

#12 Kamaradi_Mstaafu

Nimesoma kimya kimya toka juu, sasa niseme. Umeitendea haki historia ya Moshi lakini hujaitendea haki nchi. Kilimanjaro ilikuwa na kahawa, ina misheni za Walutheri na Wakatoliki toka enzi za Mjerumani, shule zimejaa, halmashauri yake ingeweza kujitegemea. Je Kigoma? Je Lindi? Kule ushuru wa mazao ungetoza nini? Ukiacha kila wilaya ijitegemee kwa chake, baada ya miaka 20 unakuwa na nchi mbili ndani ya moja. Mwalimu Nyerere aliona hilo. Na halmashauri nyingi mwishoni mwa miaka ya 60 zilikuwa zinashindwa kulipa hata walimu, si kwa sababu ya njama, ni kwa sababu ya wizi na kukusanya vibaya. Wewe unasema zilinyongwa, mimi nasema nyingine zilishajinyonga.

#13 mfereji_wa_juu

Kamaradi heshima yako, hii ndio hoja nzito kuliko zote humu na wengi wanaoitetea 1972 hawaisemi vizuri hivi.

Kugawana ni sawa. Lakini ili Kigoma ipate haikuwa lazima baraza la Kilimanjaro livunjwe. Ungeweza kuchukua sehemu ya mapato ya wilaya yenye nacho ukapeleka kwa isiyo nacho, na kila baraza likabaki na madiwani wake wa kuulizwa. Kilichofanyika ni kuwanyang'anya wote, mwenye nacho na asiye nacho, Kigoma nayo ilipoteza baraza lake pia na sijaona mtu akisema ndio ikatajirika kuanzia hapo. Kuhusu wizi, ulikuwepo kweli, sibishi, ila mwizi wa halmashauri alikuwa anajulikana jina na nyumba. Mwizi wa mkoani utamjulia wapi?

Na angalia kilichofuata. 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, KNCU nayo ndani. Yaani ndani ya miaka minne mkulima wa kahawa wa Kibosho kapoteza baraza lake na ushirika wake, vile vyombo viwili ambavyo babu zake walivigombania toka miaka ya 20. Mijini hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa haraka, taka zimejaa na kipindupindu kinazunguka. Vijijini wakasubiri. Sheria ya mamlaka za wilaya ikapitishwa 1982, halmashauri zikaanza tena kazi Januari 1984, na ushirika ukarudi miaka hiyo hiyo.

Na Mwalimu mwenyewe Kamaradi, 1984 hiyo hiyo, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alitaja hayo mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Mimi simshindi Mwalimu.

#14 Kamaradi_Mstaafu

Mwalimu kukiri ndio ukubwa wake. Ila kukiri kwamba zisingefutwa si kusema zilikuwa nzuri kama zilivyokuwa. Tofautisha.

#15 dogo_wa_Siha

Mimi nauliza tu wakubwa, hiyo ya 1984 iliporudi si ndio ile ile? Maana Kilimanjaro haikurudi, tuna Moshi, Hai, Rombo na sisi Siha.

#16 mfereji_wa_juu

Swali zuri dogo. Haikurudi. Wakati halmashauri hazipo Hai na Rombo zilishakuwa wilaya zinazojitegemea, kwa hiyo zilipofufuliwa kila wilaya ikapata ya kwake, na Siha mkamegwa kutoka Hai miaka ya 2000. Ile moja ya mlima mzima ndio imeisha moja kwa moja. Ukiangalia lakini majina utaona ni Hai, Vunjo na Rombo zile zile za 1946, Vunjo tu ndio imefichwa ndani ya Moshi Vijijini na inatokea kwenye uchaguzi wa mbunge.

Kilichorudi pia ni kodi. Ilirudi kodi ya maendeleo, na wa umri wangu mnakumbuka mgambo alfajiri na watu kulala mashambani, yale yale ya babu yake #6. Ikafutwa 2003. Na hapo ndipo ninapotaka muone kwamba mchezo ni mmoja. Inafutwa kodi, wananchi tunashangilia, hakuna anayeuliza halmashauri itakula nini badala yake. 2016 kodi ya majengo ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, yaani unakatwa ukinunua umeme. 2017 ushuru wa mazao ukashushwa toka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kila moja ina sababu yake nzuri ukiisoma yenyewe, mkulima kweli alikuwa anaonewa kwenye mageti. Ukizipanga pamoja unaona 1969.

#17 Mzee_wa_Kipande

Tofauti sasa hivi zimeandikwa kwenye katiba, ibara ya 145 na 146. Huwezi kuamka tu ukazifuta.

#18 mfereji_wa_juu

Ni kweli na ni jambo kubwa, 1972 ukuta huo haukuwepo. Ila mkuu ibara ya 146 inasema madhumuni ni kupeleka madaraka kwa wananchi, haisemi na hela. Nani ana karatasi za bajeti ya halmashauri yake ya mwaka huu? Aweke hapa tuone mapato ya ndani ni shilingi ngapi kwenye kila mia na ruzuku ni ngapi. Nitaanza na ya kwetu Moshi Vijijini nikirudi jioni.

#19 Kaa_la_Moto

Nasubiri na kigoda changu. Geita pia ileteni, ngosha usikimbie, nyie mna dhahabu.